Usiliponde Ua Hilo: Namna ya Kukabiliana na Anemoni Waharibifu Katika Tangi la Maji ya Chumvi

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa watunzaji wa samaki wa mapambo, wahudumu wa hoteli, wanachama wa BMU na wanafunzi wa vilabu vya mazingira. Imechapishwa kwa ombi la waliohudhuria.

 

Wengi wenu mmezoea kuniona nyuma ya kamera, au nikiwasukumia maikrofoni mdomoni na kuuliza, "Mheshimiwa, wananchi watarajie nini?" Leo mambo yamegeuka. Nimewekwa mbele, na sikuwekwa kwa sababu mimi ni mtaalamu wa bahari. Nilisomea uanahabari. Nimeombwa nizungumze kwa sababu nilifanya kosa nyumbani kwangu, likanigharimu, na nusura nilimwage kosa hilo baharini, kwenye maji yetu sote. Wenzangu wa idara ya uvuvi waliposikia kisa hiki waliniambia, "Nenda ukawaambie watu kama ulivyotuambia sisi."

Kisa chenyewe kilianza hivi. Rafiki yangu alipohamia bara aliniachia tangi lake la maji ya chumvi. Lita 200, taa, pampu, mawe na samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wale wanaopenda kulala ndani ya anemoni. Kulikuwa pia na tumbawe laini ambalo lilifunguka kila asubuhi taa ilipowaka. Binti yangu alikuwa akinywa chai yake mbele ya kioo kila siku kabla ya kwenda shule.

Wiki chache baadaye tuliona ua dogo limechomoza kwenye jiwe. Rangi yake ya kahawia, shina jembamba, na juu yake minyiri mirefu iliyochongoka kama miale ya jua. Binti yangu alifurahi. Mimi pia nilifurahi. Nilipiga picha nikaituma kwa jamaa zangu.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Baada ya mwezi mmoja maua yalikuwa sita. Mawili yalimea karibu na lile tumbawe laini. Tumbawe likaanza kujikunyata, likakataa kufunguka, na mwishowe likaoza. Hapo nikakasirika. Nilichukua bisibisi, nikaingiza mkono majini, nikayakwangua maua yote sita mpaka jiwe likawa jeupe. Nikalala nikijiona mshindi. Kabla mwezi wa pili haujaisha nilihesabu maua zaidi ya 30, nikaacha kuhesabu.

Mgeni huyu ni nani?

Kile nilichokiita ua ni mnyama. Ni anemoni wa baharini, wa ukoo wa matumbawe na viwavi vya baharini. Wapo anemoni wa aina nyingi, na wengi wao hawana neno. Anayewasumbua wenye matangi kote duniani anajulikana kwa jina la kisayansi la Aiptasia. Urefu wake ni sentimita chache tu. Ndani ya mwili wake wamo mwani wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga kumtengenezea chakula. Minyiri yake nayo hunasa kila kipande cha chakula kinachopita. Kwa hiyo anakula kwa njia mbili, mchana na usiku, na ndiyo maana ni vigumu kumshindisha njaa.

Katika minyiri hiyo mna vijimishale vyenye sumu. Mtu mzima huenda asihisi chochote, lakini tumbawe lililo jirani, kamba mdogo au samaki asiye mwepesi huumia. Ukimchokoza hutoa nyuzi nyeupe zenye sumu hiyo hiyo, kisha hujivuta ndani ya tundu la jiwe usimwone tena.

Sasa sikilizeni jambo lililonishinda mimi. Mnyama huyu huzaa kwa unyayo wake. Anapotambaa juu ya jiwe huacha vipande vidogo vya unyayo, na kila kipande, hata kikiwa kidogo kuliko punje ya mchele, humea kuwa anemoni kamili. Mimi na bisibisi yangu hatukuua anemoni sita. Tuliwakata vipande, halafu pampu ikavisambaza tangi zima. Nilikuwa mkulima bila kujua.

Kuna aina ya pili, huitwa majano. Huyu ni mfupi, mara nyingi wa kijani, na ncha za minyiri yake zimevimba kama shanga. Anavutia kuliko Aiptasia, ndiyo maana watu humwacha. Naye huzaana na kuwachoma majirani. Lakini tahadhari: wapo anemoni wa kufugwa ambao pia ncha zao huvimba. Kabla ya kumhukumu mnyama, mpige picha ukamwonyeshe mtu anayejua.

Mawe hayaji peke yake

Anemoni hawa hawaingii kwa mlango wala dirisha. Huja wamejificha kwenye mawe, kwenye kipande cha tumbawe, kwenye gamba la konokono au kwenye vifaa vya tangi la mtu mwingine. Akiwa amejikunja ndani ya tundu, huonekana kama tone la ute tu.

Basi kinga ya kwanza ni subira. Kitu chochote kipya kiwekwe kwanza katika ndoo au tangi la pembeni, chenye maji yake na pampu yake, kwa wiki kadhaa. Kikague usiku kwa tochi, maana usiku hujinyoosha. Vyombo vya tangi la pembeni visitumike katika tangi kubwa.

Kinga ya pili ni mkono wako mwenyewe. Punguza chakula. Wengi wetu tunawalisha samaki kana kwamba tunawaalika harusini. Kinachobaki hushuka chini, na anemoni wanakaa hapo wakingoja. Lisha kidogo, kile kinachokwisha kwa dakika chache, na utoe masalio.

Kama tayari wameingia

Wakiwa wachache, washughulikie mmoja mmoja. Kanuni kuu ni hii: usikwangue, usiponde, usikate. Unataka afe akiwa mzima, palepale alipo.

Njia inayotumika sana ni chokaa iliyozimwa, ile ambayo wanakemia huiita kalisi haidroksaidi. Nunua iliyo safi, ya kutumiwa kwenye matangi au vyakula, si ile ya mfuko wa ujenzi yenye mchanganyiko wa mambo mengine. Koroga na maji safi kidogo iwe kama uji mzito. Zima pampu zote ili maji yatulie. Tumia bomba la sindano, sogea polepole bila kumtia kivuli cha ghafla, na umfunike uji huo mdomoni na juu ya minyiri yake. Takriban mililita 1 inamtosha mmoja. Ngoja dakika 10 hadi 15, kisha uvute masalio kwa bomba kabla ya kuwasha pampu. Rudi baada ya siku chache ukague tundu lile lile.

Chokaa hii ni kali. Maji ya bahari yana pH ya takriban 8. Uji huu unapita 12. Ukiwatibu anemoni wengi kwa siku moja katika tangi dogo, utawaua samaki wako kabla ya adui. Fanya wachache, pumzika, endelea siku nyingine. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi safi na uende kituo cha afya bila kuchelewa.

Wengine hutumia maji ya ndimu, siki, au maji ya moto sana, wakimdunga anemoni kwa sindano. Hizi nazo hufanya kazi ukimpata sawasawa. Ukimkosa, amejificha na keshokutwa atarudi. Na sindano ikishatumika isitupwe pipani ovyo. Iweke katika chupa ngumu yenye kifuniko, mbali na watoto.

Ikiwa jiwe moja limejaa, litoe kabisa. Lianike nje, juani, mpaka likauke kabisa na uozo wote uishe. Litanuka, majirani watalalamika, lakini hakuna anemoni atakayepona.

Hapa naomba mniangalie vizuri. Usichemshe jiwe la tangi. Usilichome, usilisugue kwa brashi, usilimwagie maji yaliyochemka jikoni. Juu ya mawe haya wanaweza kuwepo viumbe wengine wanaofanana na vifungo vidogo vya shati, jamii ya Palythoa. Baadhi yao wana sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazotokana na viumbe. Ukichemsha jiwe, mvuke huibeba. Huko Ulaya na Marekani zimewahi kuripotiwa familia nzima zilizopelekwa hospitalini kwa homa, kikohozi na shida ya kupumua baada ya mtu mmoja kusafisha tangi lake ndani ya nyumba. Ukishaona dalili kama hizo baada ya kushika mawe ya tangi, toka nje wewe na jamaa zako, nenda hospitalini, na umwambie daktari ulikuwa unafanya nini. Usione haya.

Je, kuna mnyama wa kumla?

Yupo, na si mmoja. Yupo kamba mdogo mwenye mistari myekundu kutoka bahari ya Karibi. Yupo pia konokono mdogo asiye na gamba, aitwaye Berghia, ambaye hali kitu kingine ila Aiptasia. Wakiisha, naye hufa kwa njaa. Wafugaji wa ng'ambo hupenda sana kuwatumia hawa. Lakini hawa si viumbe wa bahari yetu. Kuingiza viumbe hai wa majini nchini si jambo la kuagiza kwa simu na kungoja kifurushi. Linahitaji kibali, na mlango wa kwanza ni afisa wa uvuvi aliye karibu nawe.

Katika bahari yetu wenyewe wapo vitatange, na baadhi yao, kama yule mwenye kiraka cheusi machoni mithili ya barakoa, hula anemoni hawa. Tatizo ni kwamba kitatange hachagui. Akimaliza maadui atageukia matumbawe uliyokusudia kuyalinda, na anahitaji tangi kubwa. Tena naomba asitokee mtu akasema afisa wa kaunti ametutuma tukavue vitatange. Uvuvi wa samaki wa mapambo una leseni zake chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016. Na ndani ya hifadhi za taifa za baharini, kama zile za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, hutoi samaki, hutoi jiwe, hutoi hata kombe.

Jioni ile ufuoni

Sasa nirudi kwenye kosa langu kubwa. Nilipoona maua yamenishinda, niliamua kulifunga tangi. Samaki wawili nilimpa mtu mwenye tangi. Mawe, mchanga na maji nikavitia kwenye ndoo nne, nikavipakia kwenye gari, nikaenda navyo ufuoni jua likizama. Nilijiambia: vilitoka baharini, navirudisha baharini. Kuna ubaya gani?

Mjomba wangu ni mvuvi aliyestaafu. Alikuwa amekaa chini ya mkungu akishona wavu. Akaniuliza nimebeba nini, nikamweleza. Akaweka wavu chini.

"Mwanangu, hivyo vimetoka bahari gani?"

Nilinyamaza. Sikujua. Rafiki yangu alinunua baadhi ya mawe kwa mtu, na mtu huyo aliyapata kwa mtu mwingine. Huenda yalitoka hapa. Huenda yalitoka upande wa pili wa dunia.

"Kama hujui," akasema, "basi usituletee."

Sikuwa na la kujibu, nikazirudisha ndoo nyumbani.

Baadaye nilikwenda kusoma, nikaona jinsi mzee yule alivyosema kweli bila kufungua kitabu. Aiptasia wenyewe wanapatikana katika bahari nyingi zenye joto. Lakini ndani ya ndoo moja hamna Aiptasia pekee. Mna mwani, minyoo, mayai, na magonjwa ya samaki ambayo jicho haliyaoni. Mwaka 1984, karibu na Monaco, ulionekana mwani aina ya Caulerpa uliokuwa umetoka kwenye tangi la maonyesho. Kiraka kilikuwa kidogo. Baadaye ulitambaa juu ya maeneo makubwa ya sakafu ya bahari ya Mediterania. Na mwaka 1985, huko Florida, alionekana samaki simba, yule mwenye mapezi marefu na miiba ya sumu. Hakuwa wa huko. Ni wa bahari zetu za huku, na wataalamu wanaamini aliachiliwa kutoka kwenye matangi. Leo ameenea Karibi nzima akiwala samaki wachanga wa miamba, na wavuvi wa huko wanalia.

Kama mfano wa ng'ambo hautoshi, waulizeni ndugu zetu wa Kisumu na Homa Bay kuhusu gugumaji. Ni mmea wa Amerika Kusini, uliosambazwa duniani kwa sababu ya maua yake mazuri. Leo kuna siku mashua haiwezi kutoka gatini.

Sisi hapa pwani tunaishi kwa miamba hii. Wapo wanaovua tafi na changu, wapo wanaopeleka wageni kuogelea, wapo wanaokamata samaki wa mapambo kwa leseni na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Miamba yetu ilipata pigo kubwa mwaka 1998 bahari ilipopata joto na matumbawe yakapauka. Haihitaji ndoo yangu wala yako juu ya hayo.

Kufunga tangi bila kudhuru bahari

Kwa hiyo, ukichoka na tangi lako, fanya hivi. Kwanza, usimwage maji, mawe wala wanyama baharini, mtoni, kwenye mkoko wala kwenye mtaro wa mvua. Pili, watafutie samaki mtu mwingine mwenye tangi, au zungumza na afisa wa uvuvi. Tatu, mawe na mchanga yakauke juani kabisa. Nne, maji yatie dawa ya klorini ile ya kufanyia nguo ziwe nyeupe, uyaache siku nzima, kisha uyamwage kidogo kidogo kwenye bomba la maji machafu la nyumba. Usiyamwage shambani, chumvi itaharibu udongo, wala karibu na kisima. Na kamwe usichanganye klorini na siki au ndimu. Hutoa hewa yenye sumu.

Hoteli zenye matangi mapokezini, haya yanawahusu zaidi, kwa sababu maji yenu ni mengi. Tafadhali mwekeni mtu mmoja mwenye jukumu hilo, na mwandikieni taratibu hizi ukutani.

Neno kwa wanafunzi

Nimeona wanafunzi wengine wamekunja uso kila nilipotaja kuua. Mko sawa. Anemoni huyu ni mharibifu ndani ya tangi kwa sababu sisi tumemweka mahali pasipo na adui wake, tukamlisha kupita kiasi. Baharini ana nafasi yake. Tena wanasayansi humfuga maabara kwa makusudi. Kwa kuwa anaishi na mwani ndani ya mwili wake kama tumbawe, lakini hukua upesi na ni mgumu kufa, wanamtumia kuchunguza kwa nini matumbawe hupauka. Huyo huyo aliyenitoa jasho huenda akasaidia kuponya miamba yetu.

Kwa hiyo hotuba yangu ni ya tangi, si ya mwamba. Maji yakipwa ukaenda kutembea juu ya mwamba ukaona anemoni, usimguse, usimdunge ndimu, usimng'oe. Hapo wewe ndiye mgeni.

Mtaniuliza tangi langu liko wapi. Liko palepale sebuleni. Nililianza upya, kwa mawe yaliyokaushwa na kwa subira. Miezi minne ya kwanza lilikuwa na maji na mawe tu, na binti yangu aliendelea kunywa chai mbele yake akisema anachunga. Mwezi wa tano ndiye aliyemwona Aiptasia mmoja, nyuma ya pampu, mdogo kama mbegu ya ufuta. Hakuniletea bisibisi. Aliniletea glavu na miwani.

Afisa wa uvuvi wa wadi yako anapatikana siku za kazi, na maswali kuhusu matangi hayalipiwi. Ukiwa na jiwe usilojua limetoka wapi, muulize kabla hujalibeba kwenda ufuoni.